Kwa Nini Mpiga Kura Aliyekata Tamaa Huvutwa na Upopulisti

Ni rahisi kumdharau mpiga kura anayemshangilia mgombea aliyejitangaza kuwa ndiye msemaji wa walalahoi dhidi ya vigogo, lakini dharau hiyo haielezi kwa nini kampeni za kipopulisti hushinda. Wengi hutaja umaskini. Hata hivyo, maskini wamekuwapo katika kila uchaguzi, na miongoni mwa wafuasi wa siasa hizi hawakosekani wenye kipato cha kuridhisha. Kwa maoni yangu, kinachowavuta zaidi ni kukosa namna ya kuwaadhibu watawala kwa kura.

Ugiriki ni mfano mzuri. Vyama viwili vikuu vilivyozoea kupokezana madaraka viliungana serikalini mwaka 2012 na kutekeleza masharti yaleyale ya kubana matumizi yaliyowekwa na wakopeshaji wa nchi hiyo iliyolemewa na madeni, huku takriban robo ya nguvu kazi ikiwa haina ajira, hivyo aliyetaka kuyakataa hakuwa na chama kikubwa cha zamani cha kukimbilia. Januari 2015 Syriza, chama cha mrengo wa kushoto kilichoyapinga masharti hayo, kikashinda. Julai mwaka huohuo, zaidi ya asilimia 61 ya wapiga kura waliyakataa masharti mapya ya wakopeshaji katika kura ya maoni, na siku chache baadaye waziri mkuu Alexis Tsipras, kiongozi wa Syriza, akakubali mengine yasiyokuwa na nafuu. Hapo wakosoaji wana hoja: kampeni ilinadi ujasiri kana kwamba ungetosha kulipa madeni.

Hata hivyo, madai ya wenye hasira si upuuzi siku zote. Nchini Marekani, chama cha People's Party kiliwakusanya wakulima waliolemewa na madeni na gharama za kusafirisha mazao kwa reli, kikashindwa uchaguzi wa rais wa 1892. Lakini madai yake mawili, kodi ya mapato na maseneta kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, yalipata nguvu ya kikatiba mwaka 1913.

Hatari imo katika dai la kuuwakilisha umma wote, kwa sababu anayeliamini humwona jaji anayempinga kiongozi kuwa adui wa wananchi. Venezuela ilimchagua Hugo Chávez mwaka 1998 baada ya vyama viwili kutawala kwa zamu kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 2004 majaji wa mahakama ya juu wakaongezwa kutoka 20 hadi 32, na wafuasi wa serikali wakawa wengi humo. Wapinzani waliposhinda uchaguzi wa bunge Desemba 2015, chini ya mrithi wa Chávez, Nicolás Maduro, mahakama hiyo ilizibatilisha sheria zao moja baada ya nyingine.