Laptopu Iliyokula Uwele

Mwezi wa saba Dodoma unalala na mablanketi mawili, na asubuhi upepo unakusugua meno kwa vumbi. Katika baridi hiyo hiyo laptopu yangu ikawa inaungua. Ukiiwasha, dakika kumi tu feni inanguruma kama mashine ya kusaga ya mtaani kwetu Nkuhungu, na chini imepata moto wa kukausha soksi. Halafu, pu! Giza.

Nikajifanya fundi. Dawa ya joto ni upepo, na upepo Dodoma hauuzwi. Nikaipandisha dirishani, ubavu wenye matundu ukiangalia uani. Wiki nzima! Ikazidi kuugua. Siku ya kutuma ripoti ya mwezi ikazima mara nne. Bosi akapiga simu, nikamwambia umeme umekatika.

"Laptopu si ina betri?"

Nikakohoa.

Kule Majengo fundi akafungua skrubu, akainua mfuniko, akanyamaza. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita muuza kahawa. Kati ya feni na yale mabati membamba ya kutolea joto palikuwa na blanketi la vumbi jekundu, limeshonana barabara. Hewa ingepita wapi? Na ndani ya blanketi, makapi. Na punje tatu za uwele, nzima kabisa.

"Kaka, hii ni kompyuta au ghala?"

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi mwenye nyumba. Kila asubuhi anapepeta uwele wake uani, makapi yanakwenda na upepo, na upepo unakuja dirishani kwangu. Yeye anapepeta, feni inavuta.

Fundi akayabana mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke ovyo, akapuliza. Muuza kahawa akakimbiza birika lake. Ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, nayo ilikuwa imepasuka kama majaruba ya Bahi wakati wa kiangazi. Akaikwangua, akapaka mpya. Elfu ishirini ikanitoka. Ilipowashwa, kimya, mpaka nikadhani sasa feni imekufa kweli.

Nyumbani nikamkuta bibi na ungo wake. Nikamwamkia, nikamsimulia yote kwa adabu, nikitegemea pole, au japo apunguze kodi. Akasikiliza mpaka mwisho huku akichambua mawe.

"Sasa mjukuu wangu, hizo punje tatu umeziacha huko huko?"