Magomeni Kota na hesabu ya nauli

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue nyumba za serikali za Magomeni Kota, Dar es Salaam, Machi 2022, hoja moja haijaisha: kwa nini kaya 644 za wapangaji wa kota za zamani zilizobomolewa hapo zirudishwe kwenye eneo la thamani kubwa namna ile, jirani na Barabara ya Morogoro, tena wakae miaka mitano bila kulipa kodi? Wanaohoji wana msingi. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni tano. Eneo lile likiuzwa kwa bei ya soko, fedha zake zingenunua viwanja vingi Chanika, pembezoni mwa jiji, na nyumba zingekuwa nyingi zaidi.

Zingekuwa nyingi, ndiyo. Ila kesho yake alfajiri waliopewa nyumba hizo watahitaji kufika kazini. Mchukue dada anayeuza duka la mtu Kariakoo. Akikaa Magomeni, hela ikikata anavuka Jangwani kwa miguu. Ikiwepo anapanda mwendokasi. Mhamishie Chanika: gari mbili kwenda, gari mbili kurudi. Hata ukimhesabia nauli ya chini kabisa ya daladala, shilingi 600 iliyoanza kutumika Desemba 2023, ni 2,400 kwa siku na 62,400 kwa siku 26 za kazi. Amri ya mishahara ya 2022, iliyotumika hadi mwisho wa 2025, iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara kuwa 150,000. Yaani kwa kima hicho, zaidi ya theluthi ya mshahara ingebaki kwa konda kabla hajanunua unga, na mtoto wa shule naye bado anadai nauli yake. Kodi aliyosamehewa anailipa barabarani, mwezi baada ya mwezi, bila kikomo cha miaka mitano.

Kwenye idadi, wakosoaji wako sahihi kabisa. Nyumba 644 ni chache, na mpangaji wa chumba kimoja Manzese, anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hakuguswa. Ndiyo maana napenda tuangalie njia za mwendokasi za Mbagala na Gongo la Mboto. Viwanja vya umma vilivyo karibu na vituo vyake vitengwe sasa, kabla bei haijapaa. Ghorofa za chini zikodishwe kwa maduka na benki kwa bei ya soko, za juu wapewe wa kipato cha chini, na majina yapatikane kwa kura ya wazi.