Upinde wa mtambo na vita vya kugombea Novemba

Nchini Marekani, kulungu anayekatiza shamba la mtu si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya umma, na serikali ya jimbo ndiyo yenye dhamana juu yake. Kwa hiyo nani awinde, lini na kwa silaha gani ni maamuzi ya kila jimbo, na majimbo 50 hayasemi kwa sauti moja. Tofauti hizo huonekana waziwazi kwenye upinde wa mtambo: ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, ambao upote wake, yaani kamba yake, huvutwa mara moja ukanaswa na kifyatulio, na mwindaji akabaki na kazi ya kulenga tu, mara nyingi kwa darubini.

Ohio imeukubali tangu miaka ya 1970. Michigan na Pennsylvania zilianza kuufungulia mlango mpana mwaka 2009. Wisconsin, iliyokuwa imewaachia wazee na wenye ulemavu peke yao, iliwapa wawindaji wote msimu wake mwaka 2014. New York, mwaka huohuo, iliuruhusu kwa shingo upande: katika ukanda wa kusini, siku 14 za mwisho za msimu wa upinde, tena kwa kibali cha wawindaji wa gobore, si cha wapiga upinde. Oregon imeukataa kwa miaka mingi.

Ukisikiliza mabishano haya kwa mbali utadhani yanahusu hatari ya silaha. Kwa maoni yangu yanahusu kalenda. Msimu wa bunduki Wisconsin, ule mkuu, ni wa siku tisa tu. Msimu wa upinde, ambao jimbo hilo lilianza kuutenga mwaka 1934, huanza katikati ya Septemba na kuendelea hadi mwaka mpya. Ndani yake kuna majuma ya mwanzo wa Novemba, wakati madume hufuata majike, hupoteza tahadhari na kutembea mchana kweupe. Aliyeingizwa kwenye msimu wa upinde ameingizwa kwenye majuma hayo kabla bunduki ya kwanza haijalia.

Wapiga upinde wa mkono wanasema urefu wa msimu wao ni malipo ya ugumu. Walipewa miezi kwa sababu wengi wao hurudi mikono mitupu. Ukiingiza chombo rahisi, umevunja mapatano hayo na serikali haina budi kuufupisha msimu kwa kila mtu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina tundu. Upinde wanaoutetea si mti na kamba tena. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wa roda, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, mwaka 1966, na leo ndio unaotumiwa na wengi wa wanaojiita wapiga upinde wa mkono. Roda zake hupunguza uzito anaoushikilia mwindaji akishavuta, mara nyingi kwa asilimia 80, na juu yake kuna nishani za kulengea na kifaa cha kuachia upote. Ulipoingia, nao ulilaumiwa kwamba unaharibu uwindaji. Anayeutumia leo akidai kwamba mtambo ni udanganyifu, anadai mstari uchorwe hatua moja tu mbele ya pale alipofika yeye.

Hata hivyo hatua hiyo moja ipo, na wanaotetea mtambo huipuuza mno. Kulungu akiwa mita 20 mbele yako, kuvuta upinde ni kutikisika, na kutikisika ndiko kunakomtimua. Mwenye mtambo amevuta tangu asubuhi. Tena kuumudu upinde wa mkono ni kazi ya miezi ya mazoezi, ilhali mtambo mtu hujifunza kuutumia kwa shabaha nzuri katika muda mfupi sana. Mtu asituambie vitu hivi viwili ni kimoja.

Lakini kuufananisha na bunduki ni kutia chumvi. Mitambo ya sasa hurusha mshale kwa kasi ya zaidi ya futi 400 kwa sekunde, na matangazo hupenda kuitaja namba hiyo. Mshale wenyewe hushuka haraka, na kulungu aliyesikia mlio huweza kuchutama kabla haujamfikia. Mwindaji mwenye busara habahatishi sana zaidi ya yadi 40 au 50, karibu sawa na mwenzake wa roda. Akikosa, kuuvuta upya huchukua muda na kelele.

Swali ninalotamani lingesikika zaidi ni la mnyama mwenyewe. Mshale huua kwa kuvujisha damu, si kwa kishindo, na mnyama aliyepigwa vibaya huweza kwenda mbali na kupotea. Utafiti uliofanyika kwenye kituo cha jeshi la majini cha Indian Head, Maryland, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba takriban asilimia 18 ya kulungu waliopigwa kwa mishale hawakupatikana, na aina ya upinde, wa roda au wa mtambo, haikuleta tofauti ya maana. Ikiwa ni hivyo, hoja ya mateso haiwezi kutumika dhidi ya mtambo peke yake. Inaigusa mishale yote. Huko Ulaya ndivyo walivyoichukulia wengine: Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, ilipiga marufuku kuua wanyamapori kwa upinde wowote, wa mkono au wa mtambo. Sikubaliani na marufuku hiyo kwa nchi yenye misitu mikubwa na mafunzo ya lazima kwa wawindaji, lakini naiona ina mantiki moja kuliko sheria zinazomhurumia kulungu pale tu jirani anapotumia chombo tofauti na changu.

Upande wa pili wa mizani kuna hesabu ya watu. Uchunguzi wa serikali kuu ulikadiria wawindaji milioni 13.7 mwaka 2011 na milioni 11.5 mwaka 2016. Kulungu wa mkia mweupe wanakadiriwa kufikia milioni 30. Wanagongwa na magari, wanamaliza miche msituni, na wanajaa kwenye vitongoji ambako risasi haiwezi kupigwa kati ya nyumba na nyumba. Tena uhifadhi unalipiwa na wawindaji hawahawa: sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 inatoza ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki za kuwindia na risasi, pinde zikaongezwa miaka ya 1970, na mgawo wa kila jimbo hutegemea eneo lake na idadi ya wenye leseni. Mwindaji wa miaka 62 mwenye bega bovu akiacha, jimbo linapoteza mikono inayopunguza kulungu na leseni inayohesabiwa.

Mwindaji huyo ananigusa. Majimbo yaliyoweka mtambo kwa wenye ulemavu peke yao yanamtaka apeleke cheti cha daktari kuthibitisha kwamba hawezi kuvuta. Maumivu ya bega la uzeeni hayakubaliki kirahisi kwenye fomu, na mtu aliyelipa leseni tangu ujana wake anajikuta akimwomba karani amwamini. Kanuni hii ninaiona mbaya kuliko zote, mbaya kuliko hata marufuku kamili, maana inageuza haki ya kuwinda kuwa huruma.

Ni nani basi aamue? Michigan, kwa kura ya wananchi ya mwaka 1996, iliipa tume yake ya maliasili mamlaka ya pekee juu ya namna ya kuwinda, na kuielekeza ifuate sayansi kadiri iwezekanavyo. New York imeliacha jambo hili mikononi mwa wabunge. Tume nazo zina wajumbe wenye mapenzi yao, ila zinaweza kurekebisha kanuni msimu ujao idadi ya madume ikishuka. Sheria ya bunge hukaa miaka ikisubiri mtu wa kuigusa.

Na kushuka kunawezekana. Wisconsin leo kulungu wanaouawa kwa mtambo wamepita wanaouawa kwa upinde wa mkono, na wapo wanaotaka msimu wa mtambo ufupishwe. Kabla ya kufupisha ningetaka jimbo litazame Ohio. Huko mwindaji anaruhusiwa dume moja lenye pembe kwa mwaka, kwa silaha yoyote atakayoichagua. Mtambo umetumika huko kwa miongo mingi na madume makubwa bado yapo. Kikomo kimewekwa kwenye mnyama, na ndipo kinapostahili kuwekwa, pamoja na taarifa ya lazima ya kila aliyeuawa na silaha iliyomuua.

Kwa majimbo ya magharibi nasema tofauti. Montana na Colorado zimeuweka mtambo nje ya msimu wa upinde kwa wawindaji wa kawaida, na sioni kosa. Huko anayewindwa mara nyingi ni elki, jamii ya kulungu wakubwa. Si mnyama aliyejaa kwenye vitongoji, na uwingi wa vibali unavumilika kwa sababu wapiga upinde wengi hukosa. Wakianza kupata kwa wingi, vibali vitapunguzwa na wengine watasubiri miaka kupata zamu. Mzee wa bega bovu wa Ohio na mzee wa bega bovu wa Montana wana maumivu yaleyale, lakini msitu wa kwanza una kulungu wa kumgawia bila kumnyima mtu mwingine.