Simile! Ubao wa moto unapita

Najua ile sauti ya WhatsApp mshaisikia. Nilikuwa napika ubao kwa mvuke ndani ya sanduku, ulainike niupinde; swahibu yangu anasema nilichemsha mbao kama mihogo, sanduku likalipuka na punda wa watu akaungua. Punda ni mzima wa afya. Na sanduku la mvuke halilipuki likiundwa sawa, maana halizibwi: upande wa chini lina tundu la kutolea maji, na mlango wangu ni gunia lililoning'inizwa tu. Ukiliziba kabisa, umejiundia bomu.

Mnaotaka kuiga, igeni sanduku peke yake. Mbao nne za inchi 1, urefu futi 8, uwazi wa ndani sentimita 15 kwa 15. Skrubu tupu, bila gundi, kwa kuwa gundi nyeupe ya seremala huachia ikipata mvuke. Ndani nimepitisha vijiti kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ubao ulale juu yake na mvuke uuzunguke kote. Likae mteremko kidogo, maji yasituame. Mvuke unatoka kwenye debe la lita 20 lililo juu ya kuni, unapita kwenye mpira wa rejeta ya gari. Wale wa "kwa nini usitumie bomba la plastiki badala ya sanduku": lile la maji hulegea kabla hata ya digrii 100, likabonyea katikati na ubao ndani yake.

(Mzee mmoja barazani aliliona sanduku likipitishwa, akauliza maiti ni wa nyumba gani.)

Kazi yenyewe ilikuwa ubao wa ukingo wa mashua. Mkaratusi mbichi, urefu futi 7, unene nusu inchi, bila fundo. Kila inchi ya unene hupikwa saa moja, na saa inaanza mvuke ukishatoka kwa nguvu kwenye gunia, si pale unapowasha kiberiti. Wangu ukala nusu saa. Ukishautoa una nusu dakika, tuseme dakika ukibahatika, uwe umeshaubana kwenye kalibu, ile fremu inayoupa ubao umbo. Ukipoa, basi tena.

Kalibu iko karakana. Sanduku liko ufuoni, kwa sababu majirani walilalamikia moshi kwenye nguo walizoanika. Katikati pana kichochoro chenye kona moja. Msinicheke bado: niliipima njia hiyo kwa ubao mkavu na muda ukabaki. Niliipima alfajiri. Lamu hii, alfajiri, punda wote wamelala.

Basi tukauchomoa. Mimi mbele, swahibu nyuma, glavu mikononi, ubao unafuka. "Simile! Simile!" Watu wakajibanza ukutani. Nikakata kona.

Punda. Mifuko ya simenti kushoto na kulia, kichochoro chote chake. Nikasimama. Yeye akasimama. Akaninusia ubao.

Swahibu, huko nyuma ya kona, haoni kitu. Anasikia "simama!" ila kwa kelele zake za simile anadhani nasema "sukuma!" Akasukuma. Ubao uliolainika hauna ubishi: ukaanza kuizunguka pembe ya nyumba, taratibu, unapendeza kabisa, sijawahi kupinda ubao vizuri hivyo maishani. Nikawa nauangalia tu. Halafu: twa. Uzi mmoja upande wa nje. Twa, twa. Mnajua kwa nini: mti wenye joto hukubali kubanwa kwa ndani, lakini nje hauvutiki ila kidogo mno, ndiyo maana tunaufunga ukanda wa bati mgongoni wenye vizuizi kila mwisho. Ukanda wangu ulikuwa wapi? Karakana, umening'inia kwenye kalibu, unanisubiri.

Mwenye punda akaniuliza, kwa adabu zote, "Fundi, hii ndiyo ya nini?"

Mengine mafupi. Punda alirudishwa kinyumenyume, mwenye mashua alicheka akaleta ubao mwingine, kalibu sasa imefungwa kwenye gogo hatua tatu kutoka kwenye sanduku. Wa pili umekaa. Niliukunja zaidi kidogo ya kipimo, kwa kuwa ukifunguliwa hurudi nyuma, nikauacha kwenye kibano mpaka ukauke.

Ule wa kwanza upo, una umbo la pembe ya nyumba ya watu, umechanika mgongoni. Anayeutaka anipigie. Swahibu asipige.