Kijiji Kinachokuomba Namba kwa Tabasamu

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu baba. Dada wa dirishani alinipokea vizuri: "Karibu kaka, pole sana kwa msiba." Kisha akaomba namba. Nikampa. Akaiandika, akatazama kompyuta, akatabasamu. "Mfumo haumtambui." Nikamwekea mbele cheti cha kifo, picha, na kitambulisho cha kazi kilichochakaa pembe zote. Akarudia yale yale kwa sauti ile ile tamu. Nilitoka pale natetemeka.

Usiku nikaitazama tena "Arrival", sehemu ya kwanza ya The Prisoner, tamthilia ya Waingereza ya mwaka 1967. Nimeshaiona mara nyingi. Safari hii iliniuma.

Jasusi anaacha kazi kwa hasira, anarudi kwake London kufunga mizigo, gesi inapulizwa kupitia tundu la ufunguo, analala. Anapozinduka, chumba ni chake, viti ni vyake. Anafungua dirisha: nje si London tena, ni mahali paitwapo Kijiji, ambako watu huitwa kwa namba na hawaruhusiwi kutoka. Patrick McGoohan, anayemwigiza jasusi huyo, hasemi neno hapo. Uso wake unatosha.

Wengi wakizungumzia tamthilia hii hukimbilia lile puto jeupe linalowakamata watoro. Sawa, nakubali, puto lenyewe leo halimtishi mtu, na helikopta inazungushwa angani mpaka unachoka. Lakini kinachotisha ni duka! Jamaa anaingia kununua ramani. Muuzaji, mpole kabisa, anampa moja: Kijiji, milima, bahari. Anaomba kubwa zaidi. Anapewa ya rangi, ya bei ya juu, na ndani yake ni Kijiji, milima, bahari. Anaeleza kwamba anataka inayoonyesha na kwingine. Hakuna, za kwingine hazina wateja. Teksi nayo haitoki nje ya Kijiji. Akishika simu, anaulizwa namba yake. Hana, basi hapigi. Hakuna anayemfokea wala kumnyanyulia mkono. Mtu akikupiga unamjua adui yako, na ukiweza unarudisha. Huyu anayekutabasamia utamrudishia nini?

Halafu kuna Namba Mbili, mkubwa wa pale. Anaanza mwigizaji Guy Doleman, na kabla sehemu haijaisha tunamkuta George Baker kwenye kiti kile kile, anaendelea na kazi ile ile. Ndiyo kwanza umeanza kumchukia mtu, mtu ameshaondoka. Hapo nilisimamisha video, nikakaa gizani. Nikirudi kule ofisini huenda nikakuta dada mwingine kabisa, na huyo naye atanipa pole, na baba yangu atakuwa bado hatambuliki.

Wapo wanaosema hii ni hadithi ya Vita Baridi, imepitwa na wakati. Hapana. Sehemu hii haituambii Kijiji ni cha upande gani, na ndiyo maana hatuwezi kusingizia kwamba ni cha watu wengine. Mtazame Cobb, rafiki wa zamani wa jasusi, ambaye watu wanaaminishwa kwamba amejirusha dirishani akafa. Mwishoni tunamwona mzima, kavaa suti, anaagana na wenyeji wake kwa heshima zote. Na yule mwanamke aliyemlilia, anayeigizwa na Virginia Maskell, alimlilia kwa dhati. Huzuni yake ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote mle ndani, nao waliitumia kama chambo.

Kuna mahali jamaa anamwambia Namba Mbili kwamba hatakubali kugongwa mhuri wala kupewa namba, kwamba maisha yake ni yake. Baba hakuwahi kusema maneno kama hayo. Alikuwa mtu wa kufika kazini saa moja kasoro, kila siku, shati limepigwa pasi.

Jumatatu narudi dirishani. Nitaanza kwa kumtaja baba, majina yake yote matatu, kabla sijaulizwa namba.