Bret Hart Hakukosa, Alikosewa

Tangu mwanamieleka John Cena alipostaafu mjini Washington tarehe 13 Desemba 2025, tena kwa kujisalimisha mikononi mwa Gunther, watu hawachoki kutunga orodha za kumuaga, na karibu kila orodha inayonipitia inausifu usaliti wake wa Toronto wa tarehe 1 Machi mwaka huo, alipogeuka ghafla kutoka shujaa hadi adui, kuwa miongoni mwa matukio makubwa kuliko yote katika historia ya mieleka ya Marekani. Wengine wameupandisha juu ya ule wa Hulk Hogan. Yuko hata mmoja aliyeupa nafasi ya kwanza, kisha akawatupa Bret Hart na Steve Austin katika nafasi ya saba, kana kwamba usiku ule wa mwaka 1997 ulikuwa pambano la kupashia ukumbi joto. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa.

Mshtuko wenyewe naukubali, kwa shingo upande. The Rock alikuwa ulingoni akisubiri bingwa Cody Rhodes amwuzie roho yake, Cody akakataa kuiuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, Cena akamkumbatia kama ndugu, The Rock akapitisha kidole shingoni kama anayechinja, na Cena, akiwa bado amemshika mwenzake, akampiga pale ambapo mwanamume hapaswi kumpiga mwanamume mwenzake. Nilisimama kitini. Lakini kumsimamisha mtu kitini ni kazi ya dakika moja. Usaliti hupimwa kesho yake, mtazamaji anapouliza kwa nini, na jibu analopewa linapomfanya aone kwamba dalili zote zilikuwa mbele ya macho yake tangu zamani.

Cena alitupa jibu gani? Wiki mbili baadaye mjini Brussels alidai kwamba sisi watazamaji tumemtesa kwa miaka mingi, tukichukua kila alichotupa bila kuridhika. Sawa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito mkubwa Juni 2006, pale mashabiki wa Hammerstein Ballroom jijini New York walipokuwa wakimrudishia fulana yake kila alipowarushia. Kwa miaka mingi baada ya hapo nusu ya ukumbi ilimshangilia na nusu ikamzomea, na wakubwa wa kampuni yake, WWE, wakaziba masikio kwa sababu fulana zile zilinunuliwa na watoto. Tuwe waadilifu pia: mtu aliyetimiza matakwa ya watoto wagonjwa zaidi ya 650 si rahisi kumvisha pembe za shetani. Basi wakasubiri mpaka kila mtu amemsamehe, mpaka watu wananunua tiketi ili tu wamuage, ndipo wakatuambia tumchukie. The Rock, aliyeianzisha habari yote ile ya kununua roho, hakuonekana kabisa WrestleMania, onyesho kubwa la kampuni la kila mwaka. Tuliletewa mwanamuziki Travis Scott badala yake. Tarehe 1 Agosti Cena akarudi kuwa mtu mwema kana kwamba hakuna lililotokea. Ilikuwa miezi mitano kamili. Shawn Michaels alipompitisha mwenzake Marty Jannetty kwenye dirisha la kile kibanda cha kinyozi cha Brutus Beefcake mapema mwaka 1992, alibaki mbaya kwa zaidi ya miaka mitatu, na hiyo ilikuwa timu ya watu wawili tu ambayo haikuwahi hata kubeba uzito wa kampuni.

Sasa twende kwenye WrestleMania ya Rosemont, Illinois, karibu na Chicago, tarehe 23 Machi 1997, Bret dhidi ya Austin, ambako ndiko ninakotaka kukaa.

Ili kuuelewa usiku ule ni lazima kuhesabu madai ya Bret moja baada ya jingine. Machi 1996 alipigana na Shawn Michaels kwa saa nzima bila mshindi, akauchukua mkanda wake na kuanza kuondoka, akarudishwa kwa muda wa nyongeza na kuangushwa. Alikwenda zake nyumbani kwa miezi kadhaa. Aliporudi alimkuta Austin akimtukana kila wiki, akamshinda kihalali Madison Square Garden mwezi Novemba, akadhani yamekwisha. Januari 1997, katika Royal Rumble ya San Antonio, pambano la wengi ambalo anayetupwa juu ya kamba hutoka, alimtupa Austin nje ya kamba, lakini waamuzi walikuwa wamegeukia ugomvi mwingine, kwa hiyo Austin akapenya ndani kinyemela, akamtoa Bret na kutangazwa mshindi. Februari Bret aliutwaa ubingwa mjini Chattanooga na kukaa nao siku moja tu, kwa sababu kesho yake Austin aliliharibu pambano lake dhidi ya Sid. Wiki moja kabla ya WrestleMania akashindwa tena na Sid, safari hii ndani ya kizimba cha chuma, na Vince McMahon, mwenye kampuni na mtangazaji wake, alipomsogelea na kipaza sauti, Bret akamsukuma akaanguka, kisha akamwaga matusi hewani.

Hakuna hata dai moja kati ya hayo lililokuwa la uongo, na uzuri wa habari yote umo humo. Waandishi wa siku hizi wakitaka mtu awe adui humfanya aue mbwa wa jirani. Bret hakufanya lolote ila kudai haki yake, kisha akaidai tena, na tena, mpaka waliokuwa wakimwonea huruma wakachoka kumsikiliza.

Pambano lenyewe halikuwa na njia ya kushinda isipokuwa mmoja ajisalimishe, na mwamuzi alikuwa Ken Shamrock. Walipigana hadi katikati ya mashabiki. Austin akapasuka usoni, na damu ikamtiririka mpaka kwenye meno. Kuna wakati Austin alimkaba Bret kwa waya wa umeme akiwa ukingoni mwa ulingo, naye Bret akipapasa kwa mkono akaipata kengele na kumtwanga nayo kichwani. Kisha ikafuata Sharpshooter, ile kabari ya miguu ya Bret. Kamera ilisogea karibu na uso wa Austin, na aliyeuona uso ule hausahau: macho yamefumbwa, damu imejaa midomoni, anajiinua kwa mikono miwili huku akipiga kelele, karibu ajinasue, anashindwa, anajaribu tena. Hakusema naacha. Alizimia, na Shamrock akalisimamisha pambano.

Bret alikuwa ameshinda. Angeinua mikono akaenda zake, hadithi ingeishia pale. Badala yake alirudi kuushambulia mguu wa mtu aliyezimia, mpaka Shamrock akamdaka kiunoni na kumtupa chini. Wakatazamana. Bret, mtu ambaye kwa miaka alikuwa akiwavisha watoto wa mbele miwani yake ya waridi, akafikiri kidogo, akashuka ulingoni na kuondoka huku akizomewa. Austin akakataa kusaidiwa, akampiga mwamuzi aliyejaribu kumwinua, akaondoka akichechemea kwa miguu yake mwenyewe, na ukumbi mzima ukaliimba jina lake.

Nani alimsaliti nani pale? Austin hakuwa mwema. Alikuwa mtukutu yuleyule wa wiki iliyotangulia, na lugha yake haikupata adabu hata baada ya hapo. Bret naye hakubadili msimamo hata kidogo. Waliohama ni watu waliokuwa wamekaa vitini, na walihama wote kwa pamoja, ndani ya nusu saa, bila kuagizwa na mtangazaji yeyote. Kesho yake Bret aliwageukia mashabiki wa Marekani na kuwaambia kwamba wanawaabudu wahuni na kumzomea mtu aliyewatumikia kwa heshima, na kwa kweli sioni alikosea wapi.

Ushahidi zaidi ulikuja Calgary, Kanada, nyumbani kwa Bret, tarehe 6 Julai mwaka uleule. Bret na kundi lake la ndugu na rafiki, yaani Owen, Davey Boy Smith, Jim Neidhart na Brian Pillman, waliingia Saddledome wakiwa, kwa mujibu wa Marekani nzima, watu wabaya kuliko wote, na paa likakaribia kuruka kwa shangwe, huku Austin, kipenzi cha Chicago, akizomewa kama mwizi wa kuku. Wazazi wa Bret, mzee Stu Hart na mkewe Helen, walikuwa mstari wa mbele. Yaani adui wa nchi moja alivuka mpaka akawa shujaa bila kubadilisha hata rangi ya suruali. Nionyesheni kampuni inayoweza kufanya hivyo leo.

Mimi niliyaona haya kwa kanda, miezi mingi baada ya kutokea, katika kibanda cha video mtaani kwetu Tanga, tumebanana kwenye mabenchi na kila mtu ameshasimuliwa mwisho. Sisi watoto wote tulikuwa wa Austin. Kwetu steringi alikuwa yule anayekataa kuomba msamaha, basi. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyesimama na Bret, na alisimama kweli, mbele ya televisheni, mpaka mwenye kibanda akamwomba akae. "Huyu hakukosa," alituambia, "huyu amekosewa, na ninyi mnamcheka." Tulimcheka na yeye pia. Mjomba alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya mkonge miaka mingi, na wakati ule alikuwa akifuatilia kiinua mgongo chake kutoka ofisi hadi ofisi akiwa na bahasha ya karatasi chini ya kwapa. Alikuwa amejionea namna makarani wanavyobadilika uso wanapomwona mdai akiingia kwa mara ya kumi, hata kama anachodai ni chake kihalali. Hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini ukumbi wa Rosemont ulimchoka Bret.

Najua wapo watakaokatiza hapa kuniambia kwamba yote yale yalipangwa. Ahsanteni sana kwa taarifa. Na tamthilia mnazozililia kila jioni, zinatokea zenyewe?

Nirudi kwa Hogan, maana nikimpita kimya nitaambiwa nina chuki. Tarehe 7 Julai 1996, Daytona Beach, mtu aliyewahimiza watoto kusali na kunywa vitamini tangu alipomwangusha Iron Sheik Januari 1984 aliingia ulingoni na nguo zake za njano na nyekundu, maadui Scott Hall na Kevin Nash wakamkimbia, na tukadhani amekuja kumwokoa Randy Savage aliyelala chali. Akamwangushia paja. Takataka zilizorushwa zilijaa ulingoni kiasi kwamba mtangazaji Gene Okerlund alimhoji akiwa amezungukwa na vikombe. Ni tukio kubwa, sikatai, na liliibadilisha biashara nzima ya mieleka. Ila wanaolisifu kwa kuwa hakuna aliyelitarajia wanasahau kwamba watazamaji wa WCW, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi wakati ule, walikuwa wameanza kumzomea Hogan miezi mingi kabla. Walikuwa wamemchoka, naye alikuwa wa mwisho kutambua. Kwa hiyo hata hapo ukumbi ulitangulia, shujaa akafuata.

Na miaka sita baadaye ukumbi uliamua tena bila kumwuliza mtu. Tarehe 17 Machi 2002, WrestleMania ilipofanyika SkyDome ya Toronto, Hogan alikuja akiwa adui na The Rock akiwa shujaa, na zaidi ya watu 68,000 wakakataa mgawanyo huo tangu kengele ya kwanza. Wakamshangilia mzee. Wawili wale walilazimika kubadili uigizaji wao papo hapo, mbele ya macho yetu. SkyDome hiyo ndiyo inayoitwa Rogers Centre sasa, na ndimo Cena alimompigia Cody. Mara ya kwanza watu wa Toronto waliisahihisha kampuni. Mara ya pili kampuni iliwasahihisha watu wa Toronto, na matokeo tumeyaona.

Austin mwenyewe aliingia mtego huohuo Aprili 2001, alipogeuka adui kwa kushikana mkono na hasimu wake McMahon jijini Houston, jimboni kwao Texas, ambako hakuna aliyekuwa tayari kumzomea hata kama angeuza bendera. Seth Rollins na kiti chake mgongoni mwa mwenzake wa kundi Roman Reigns, Juni 2014, ilikuwa kazi safi. Sina la kuongeza.

Ninachosikitikia ni kwamba orodha hizi husahau upande wa pili, wa watu wanaorudi kwenye wema, ambao ni mgumu zaidi kuandika. Machi 1991 mjini Los Angeles, Savage alishindwa na Ultimate Warrior katika pambano ambalo anayeshindwa anastaafu. Meneja wake Sherri akaanza kumpiga mateke akiwa chini, na Elizabeth, mkewe na meneja wake wa zamani, ambaye alikuwa ameketi katikati ya watazamaji, akakimbia ulingoni kumwokoa. Wakakumbatiana. Kamera ilionyesha watu wazima wakilia. Kwa miaka yote Elizabeth ndiye aliyekuwa akimfungulia Savage kamba ili apite. Usiku ule Savage alizifungua yeye, akamsubiri mkewe atangulie. Sijui ni mwandishi gani wa leo angekuwa na subira ya kupanda mbegu hiyo kwa miaka sita ili aivune kwa sekunde tano.

Aliyekaribia zaidi katika miaka yetu ni Sami Zayn, Januari 2023, San Antonio, alipoamriwa na Reigns kumpiga rafiki yake wa zamani Kevin Owens kwa kiti na badala yake akakishusha kiti kile mgongoni mwa Reigns. Miezi mizima tulimwona akijidhalilisha ili apendwe na familia ya Reigns, isiyokuwa yake, kwa hiyo kiti kile kilikuwa chetu sote. Wiki tatu baadaye alipigania ubingwa Montreal, nyumbani kwao, mkewe akiwa mstari wa mbele, katika jengo lilelile ambamo Bret alipokonywa mkanda Novemba 1997 kwa kengele iliyogongwa kabla hajajisalimisha. Kumbi za Kanada zina kisirani chake. Watu walikuwa wameshamchagua bingwa wao, na wakubwa wakaamua kwamba watu hawajui wanachotaka. Zayn akaangushwa, Reigns akaondoka na ubingwa na kukaa nao hadi Aprili 2024, na mimi sijawasamehe mpaka leo.