Moto wa Shambani na Kinachopikwa Chini ya Majivu

Kila Agosti na Septemba moshi hulifunika bonde la Usangu, na ubishi ni uleule: mkulima anasema moto ni mbolea ya asiye na hela, bwana misitu anasema ni adui. Wote wanazungumzia kinachoungua juu. Udongo wenyewe hautajwi, na baadhi ya sumu hutoka humo.

Mkulima ana hoja. Udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una tindikali. Majivu huipunguza na kurudisha potasiamu, kalsiamu na fosforasi papo hapo. Funza waliojificha ndani ya mabua huungua. Hakuna nauli ya chokaa wala malipo ya kibarua. Wanyiha wa Mbozi walilima nkule kwa sababu hizo: unalundika majani, unayafunika kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, unawasha moto ndani, kisha unatawanya udongo ulioungua na kupanda ulezi.

Nkule hiyohiyo inaonyesha tatizo linapoanzia. Moto wa nyasi unaokimbizwa na upepo hupita kwa dakika chache. Udongo haupitishi joto upesi, na maji yaliyomo hulizuia lisivuke nyuzi 100 mpaka yakauke. Sentimita 5 chini mizizi mara nyingi hubaki hai. Lundo la magogo, visiki au mabonge linalofuka usiku kucha ni habari nyingine. Kwenye nyuzi 200 hivi naitrojeni huanza kupotea. Zebaki iliyoshikwa na mboji huachia kati ya nyuzi 100 na 300, ikaondoka kama gesi. Kromiamu-3 ya udongoni, aina ya metali ya kromiamu isiyo na madhara makubwa, ikipata joto kali na hewa sehemu yake hugeuka kromiamu-6, aina nyingine ambayo ikivutwa huleta saratani ya mapafu, tena huyeyuka kwenye maji. Watafiti waliochunguza maeneo ya California yaliyoungua 2019 na 2020 waliikuta kwenye majivu na vumbi miezi mingi baada ya moto, pale ambapo mwamba una kromiamu nyingi na moto ulikuwa mkali.

Hapa tusitishane bure. Moto hauleti kromiamu. Lazima iwemo kwenye mwamba, na udongo wa volkano wa Rungwe si sawa na ule wa California. Kwetu zebaki inanitia wasiwasi zaidi, hasa Chunya, kwenye wachimbaji wa dhahabu wanaoitumia kukamatia dhahabu. Kuzunguka mialo, yaani mahali dhahabu inapooshwa, na malundo ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, zebaki imo ardhini na kwenye majani. Kuchoma kichaka hapo ni kuifukiza upya, na kitambaa puani hakizuii gesi.

Ukitaka kujua moto wako ulifika wapi, fukua majivu yakipoa. Udongo ukibaki mweusi, joto lilikuwa dogo. Ukikuta majivu meupe na chini yake udongo mwekundu kama tofali, chuma kilichomo kimebadilika kwa joto na mboji imekwisha. Msimu wa kwanza mimea hustawi hapo, na ndiyo inayowadanganya wengi. Baadaye udongo hushindwa kushika maji na mbolea.

Kwa hiyo kupiga marufuku kila moto kwa kipimo kimoja ni kukosea. Kinachostahili kukatazwa kabisa ni lundo linalofuka, na uchomaji wowote karibu na mialo. Anayelazimika kuchoma atandaze mabua kwa tabaka jembamba, achome mapema, Mei au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu, huku kinga moto imeshalimwa. Majivu ayachanganye na udongo kabla ya upepo wa Septemba na mvua za Novemba kuyapeleka mtoni.

Wamatengo wa Mbinga wana njia isiyo na moto kabisa: katika ngoro, nyasi hupangwa kwa miraba na kufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, zikaoza humo. Gharama yake ni jasho. Ukifukia mabua makavu ya mahindi, vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ya udongo kwa wiki kadhaa, na mahindi machanga huwa ya njano. Fukia mapema, miezi kabla ya kupanda, au changanya na samadi.